Barua ya wazi kwa wasimamizi wa biashara ya malazi Kigoma: tutozeni kwa usiku uliolaliwa

Kwa Waheshimiwa viongozi na watendaji wenye dhamana ya leseni, ushuru, kodi na ukaguzi wa malazi,
Kigoma.

YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA NA KUTOZWA KWA HAKI KWA WENYEJI TUNAOPANGISHA NYUMBA KWA SIKU

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Mimi ni mwenyeji ninayepangisha nyumba kwa siku na kwa wiki hapa Mwanga, mjini Kigoma. Naandika kwa niaba yangu na ya wenzangu wa Gungu, Katubuka, Bangwe na Ujiji wanaofanya kazi hii. Hatuna chama kilichosajiliwa. Tuna kundi la WhatsApp, tuna daftari la michango ya kuzikana na kuuguzana, na katika kundi hilo barua hii imesomwa na kukubaliwa kabla ya kuletwa kwenu.

Hatukuanzia hadharani. Tuliandika barua, ikapokelewa na kupigwa muhuri. Tulipofuatilia tukaambiwa faili liko kwa mkubwa. Tukaomba kikao, tukapewa siku, siku ikaahirishwa na nyingine haikutajwa. Wakati wote huo wakaguzi waliendelea kuja, na faini hazikusubiri barua ijibiwe. Ndiyo maana leo tunasema mbele ya watu. Sitataja ofisi wala mtumishi kwa jina. Wapo watumishi waliotusikiliza vizuri na kutueleza wazi kwamba mikono yao imefungwa. Shida iko katika utaratibu: kila ofisi imeshika kipande chake, na hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa kuutazama wote.

Naomba kwanza nieleze kazi yenyewe, kwa sababu katika meza kadhaa nimekuta tunadhaniwa kuwa gesti bubu.

Nyumba zetu ni za kawaida za kuishi. Vyumba viwili au vitatu, sebule, jiko lenye mtungi wa gesi, friji, simtanki juu ya mnara, neti kila kitanda. Mgeni anapewa ufunguo, anapika chakula chake, anafua nguo zake akitaka. Anayekuja kwetu ni mhandisi wa reli aliyeletwa kwa mwezi mmoja, mtafiti anayesubiri boti ya kwenda hifadhi ya sokwe ya Gombe, mfanyabiashara wa Bujumbura au Kalemie ambaye mzigo wake haujatoka bandarini, familia ya watu saba iliyokuja kwenye harusi au msiba na haiwezi kulipia vyumba vinne hotelini. Wengi hutupata kwa simu ya mtu aliyewahi kulala kwetu. Wengine hutupata kupitia Airbnb au Booking.com, na huko tunakatwa kamisheni kabla hata ya kuuona mguu wa mgeni.

Nyuma ya kila nyumba kuna watu. Yuko dada wa usafi anayelipwa kila mgeni anapoondoka. Yuko dobi, kwa sababu mashuka hayawezi kusubiri jua la mchana wa masika. Yuko fundi bomba, yuko fundi umeme, yuko kijana wa bodaboda anayempokea mgeni stesheni saa yoyote treni itakayoingia, na yuko mama wa Kibirizi anayeletewa oda ya migebuka na dagaa wa kubeba. Nyumba ikikosa mgeni kwa wiki tatu, hao wote wanakosa pamoja nami.

Kigoma si mji wa kupita tu. Reli ya Kati ilipofika hapa mwaka 1914, ikiwa imetoka Dar es Salaam kilomita zipatazo 1,250, tukawa mwisho wa reli, na anayefika mwisho wa reli lazima alale. Kabla ya hapo Ujiji ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na wageni walikuwa wakikaribishwa katika nyumba za watu. Hata mkutano wa Livingstone na Stanley mwaka 1871, ambao watalii wanakuja kuuona mahali pake hadi leo, ulifanyika kwa sababu palikuwa na mji unaojua kumweka mgeni. Gombe hakuna barabara inayofika. Ni boti tu. Mgeni wa sokwe analala mjini kwetu akienda na mara nyingi akirudi. Hifadhi ya Mahale ni mbali zaidi kusini, na msafiri wake wa boti hali kadhalika. Tangu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, ashuke Gombe Julai 1960 hadi alipofariki Oktoba 2025, jina la Kigoma limetajwa duniani kote. Sasa inajengwa reli mpya ya kisasa, kipande cha Tabora hadi Kigoma chenye kilomita 506, ambacho mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2022. Wageni wanakuja. Swali ni kama watatukuta bado tuko wazi.

Yafuatayo ndiyo yanayotufungia milango.

1. Hatumo katika orodha zenu.

Ukienda kuomba leseni unaulizwa: wewe ni hoteli, ni gesti, au ni mwenye nyumba ya kupangisha? Ukisema hoteli, unadaiwa mapokezi, mgahawa, choo cha wafanyakazi na idadi ya vyumba usiyonayo. Ukisema gesti, unaingizwa kwenye ushuru na masharti ya nyumba za kulala wageni zenye vyumba kumi au ishirini na mhudumu wa usiku. Ukisema mwenye nyumba ya kupangisha, unaambiwa mpangaji hakai siku tatu, kwa hiyo unadanganya.

Matokeo yake ni kwamba nyumba ileile inaweza kuwa gesti kwa ofisi moja, hoteli kwa ofisi ya pili na makazi kwa ofisi ya tatu, ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Kila jina linakuja na ada yake. Mwenzetu mmoja alilipa akiwa na jina moja, kisha akatozwa faini kwa kutokuwa na jina lingine. Risiti ya kwanza haikumsaidia chochote.

Wapo wenyeji ambao kwa sababu hii hawajajisajili kabisa. Siwatetei. Ila naomba muelewe kwamba wengi wao hawakimbii kulipa. Wanaogopa kujitokeza mahali ambapo hawajui wataitwa nani na watadaiwa nini. Na sisi tuliojitokeza ndio tunaokaguliwa, kwa kuwa anwani zetu zinajulikana. Yule aliyejificha hakuna anayemgongea.

2. Kila ofisi ina daftari lake na saa yake.

Anakuja wa leseni. Anaondoka, anakuja wa afya. Wiki inayofuata wa zimamoto, kisha wa ushuru, kisha wa mtaa, kisha anayeulizia wageni kutoka nje. Kila mmoja ana haki ya kuja, na sisemi asije. Nasema kila mmoja anauliza maswali yaleyale, anataka nakala zilezile, na hakuna anayekubali karatasi ya mwenzake. Mwenyeji mwenye nyumba mbili, ambaye pia ana ajira au shamba, anamaliza siku nyingi za mwezi akisubiri watu waliosema watapita asubuhi.

Lililo zito zaidi ni ukaguzi wa usiku. Tunaelewa mkoa wetu uko mpakani. Tunaelewa kwamba kuna watu wanaotafutwa. Lakini mgeni aliyelipia nyumba nzima, amelala na watoto wake, mlango unagongwa usiku wa manane na watu watatu wanaotaka kuona vitambulisho, wakati nakala za vitambulisho hivyo zimo katika daftari langu na nilikwisha kuzipeleka panapohusika! Kwangu limetokea hilo. Mgeni alikuwa mtumishi wa umma mwenzenu. Aliondoka alfajiri, akadai fedha zake, nikamrudishia. Maoni aliyoyaandika mtandaoni yapo hadi leo, na kila anayetafuta nyumba Kigoma anayasoma kabla ya kusoma kitu kingine.

Katika biashara hii maoni ya wageni ndiyo mtaji. Rangi ya ukuta unaweza kuirudia, godoro unaweza kulibadilisha. Maneno ya mgeni aliyeamshwa usiku na kuulizwa mbele ya wanawe yule mwanamke ni nani kwake, hayo hayafutiki.

3. Tunakadiriwa kana kwamba nyumba imejaa mwaka mzima.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo biashara nyingi zinapofia.

Chukueni nyumba moja ya vyumba viwili inayopangishwa yote kwa shilingi 60,000 kwa usiku. Mkadiriaji anazidisha mara siku 365. Anapata shilingi 21,900,000. Kwa hesabu hiyo mwenyeji anaonekana mtu mkubwa: amevuka shilingi milioni 11 za mauzo ya mwaka zinazomlazimu mfanyabiashara kuwa na mashine ya risiti za kielektroniki (EFD), na ushuru wowote unaofuata mauzo unaanzia juu huko.

Sasa tazameni nyumba hiyohiyo kwa macho ya anayefua mashuka yake. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, watalii wa Gombe na Mahale wapo, harusi zipo, barabara ni kavu, nyumba inafanya kazi. Mvua zikikolea kuanzia Novemba watalii wanapungua, na kati ya Machi na Mei nyumba inaweza kukaa wiki hadi wiki bila mtu. Zipo wikendi za harusi, yupo mgeni wa semina, lakini katikati ni kimya. Tuseme nyumba imelaliwa usiku 120 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 7,200,000. Kati ya kadirio na ukweli kuna shilingi 14,700,000 ambazo hakuna mtu aliyezishika mkononi.

Na hiyo milioni saba si faida. Ndani yake kuna kamisheni ya mtandao, kuna umeme wa LUKU, kuna maji na gari la maji pale bomba linapokauka, kuna dada wa usafi, dobi, mlinzi, intaneti, neti zilizotoboka, friji iliyoungua umeme uliporudi kwa kishindo. Kodi ya jengo nayo tunailipa humohumo kwenye LUKU tangu mwaka 2021, na kwa hili sina malalamiko. Natamani tozo zote zingekuwa kama ile: ndogo, inajulikana, inalipwa kidogokidogo, na hakuna anayekuja kukugombeza.

Biashara yetu pia inapigwa na mambo ambayo hayako mikononi mwetu. Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, wenzetu wa ufukweni waliona maji yakiingia hadi sebuleni. Nyumba ikawa haina mgeni, ina samaki wadogo. Kadirio la mwaka uliofuata lilikuja lilelile. Kisha mapema mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika yanayohudumia wakimbizi katika kambi za Nyarugusu na Nduta yalipunguza watu na safari. Wafanyakazi wa mashirika hayo, wanaopita Kigoma mjini wakienda Kasulu na Kibondo, ndio walikuwa wakijaza nyumba zetu miezi ya mvua. Mwenyeji aliyekuwa akimtegemea mgeni wa miezi mitatu alibaki na kitanda kilichotandikwa. Kadirio halikutikisika.

Tukilalamika tunaambiwa tulete kumbukumbu. Tunazo. Mitandao tunayoitumia inahifadhi kila usiku uliolipiwa, tarehe, kiasi na makato. Hakuna gesti yenye kumbukumbu safi kuliko hizo. Tulipozipeleka tukaambiwa karatasi ya mtandao si ushahidi, kadirio linabaki. Naomba kuuliza kwa heshima: kama rekodi inayoonyesha kila usiku si ushahidi, kuzidisha mara 365 ni ushahidi wa nini?

4. Kiwango kinajulikana mwaka ukiwa katikati.

Bei ya Julai tunaipanga Januari. Mgeni wa kutoka Ujerumani anayetaka kuja kuwaona sokwe anaweka nafasi miezi sita mbele na kulipa kwa bei aliyoiona siku hiyo. Tozo mpya ikitangazwa Agosti na kudaiwa tangu Julai, siwezi kumpigia simu mgeni aliyekwisha kulipa nimwombe aongeze. Inatoka kwangu.

5. Hatujui usalama mnaoutaka ni upi.

Mkaguzi mmoja anasema mtungi mmoja wa kuzimia moto unatosha kwa nyumba ya ukubwa wangu. Mwingine anataka miwili na mlango wa dharura. Wa tatu hakuuliza moto, aliuliza kamera. Tupeni karatasi moja yenye masharti, tutayatimiza. Hatutaki mgeni aungue ndani ya nyumba zetu, wala asiwepo wa kumsaidia akidhurika. Mwanzoni mwa 2024 kule Nairobi wanawake waliuawa katika nyumba za kupangisha kwa siku, na habari zile zilitutisha sisi kabla ya kumtisha mtu mwingine yeyote. Sisi ndio tunaokabidhi ufunguo kwa mtu tusiyemjua. Tunataka tuambiwe nini kitamlinda mgeni na nini kitatulinda sisi.

Waheshimiwa, najua yatakayosemwa. Mengine tumekwisha kuambiwa ana kwa ana, kwa hiyo nayajibu.

Mtasema sheria inatoka juu, ninyi ni watekelezaji. Ni kweli kwa kodi za taifa. Lakini saa ya ukaguzi haitoki juu. Uamuzi wa ofisi nne kuja siku nne tofauti badala ya siku moja hautoki juu. Fomu ya ushuru wa halmashauri inapangwa hapa, na sheria ndogo zinapita mikononi mwa madiwani tuliowachagua sisi. Na tangu mwaka 2018 serikali yenyewe ilipitisha mpango wa kuboresha mfumo wa udhibiti wa biashara, ambao nia yake ilikuwa kupunguza tozo na mamlaka zinazogongana juu ya mfanyabiashara mmoja. Tunachoomba kimekwisha kukubaliwa juu. Huku chini ndiko hakijafika.

Mtasema wenye hoteli na gesti wanalalamika kwamba tunawachukulia wateja bila kubeba mizigo yao. Malalamiko yao yana ukweli pale ambapo mwenyeji hajasajiliwa na halipi chochote. Dawa yake ni kumsajili, alipe sawasawa na anachoingiza. Haiwezi kuwa dawa kumtoza mwenye vyumba viwili mzigo wa mwenye vyumba thelathini. Na waulizeni vizuri wenye hoteli. Pakiwa na mkutano mkubwa wao ndio wanaotupigia simu kuuliza kama tuna nafasi.

Mtasema mpaka. Burundi iko hapo, Kongo iko ng'ambo ya maji, na mgeni asiyejulikana ni hatari. Tunakubali bila kusita. Kwa hiyo tupeni njia ya kupeleka taarifa za kila mgeni siku anapoingia, kwa simu, mahali pamoja, na mtujibu kwamba imepokelewa. Daftari la karatasi linaloletwa kuonwa mara moja kwa mwezi halimkamati mtu aliyeondoka wiki tatu zilizopita. Mlango unaogongwa usiku wa manane unamkamata mama aliyelala na watoto.

Mtasema maadili: kwamba nyumba hizi zinageuzwa madanguro. Yule anayefanya hivyo achukuliwe hatua yeye, kwa ushahidi. Sisi wengine tunaishi uani au nyumba ya pili na watoto wetu. Hakuna anayelinda sifa ya nyumba ile kuliko sisi na majirani zetu.

Na wapo wasomi watakaosema mbona miji mikubwa duniani inazipiga marufuku. Ni kweli imezibana. London nyumba nzima haipangishwi zaidi ya usiku 90 kwa mwaka bila kibali. New York tangu Septemba 2023 mwenyeji lazima asajiliwe, na mgeni wa chini ya siku 30 lazima akae na mwenyeji humohumo ndani. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba leseni za nyumba hizi hazitaendelea baada ya Novemba 2028. Lakini tazameni sababu zao. Huko wakazi wanakosa nyumba za kuishi, kodi ya pango imewashinda, na mtaa mzima umegeuka wa watalii. Gungu na Katubuka hazina tatizo hilo. Kwetu vyumba vya kupanga vinatafuta wapangaji, na mtalii bado ni mtu wa kutafutwa. Kama tunataka kuiga, ipo Ureno, ambayo mwaka 2014 iliwapa wenyeji kundi lao katika sheria, kila nyumba ikapata namba yake ya usajili, na namba hiyo ikatakiwa ionekane kwenye tangazo. Serikali ikajua nani yuko wapi. Baadaye waliongeza masharti kwenye miji iliyojaa, lakini walianza kwa kumtambua mtu.

Hivyo basi tunaomba haya.

Kwanza kabisa, na kama mtatupa moja tu basi liwe hili: tozo za mji zinazotuhusu zifuate usiku uliolaliwa. Usiku ukilaliwa tulipe, kitanda kikiwa kitupu tusidaiwe. Iwe kiasi kimoja kwa kila usiku au asilimia fulani inayojulikana, ilipwe kila mwezi kwa namba ya malipo ya simu, na rekodi za mitandao pamoja na daftari la wageni zikubaliwe kuwa ushahidi. Mnayo haki ya kuzikagua, na atakayekutwa amezichezea aadhibiwe bila huruma. Kwa utaratibu huu mtakusanya kwa walio wengi. Leo mnakusanya kingi kwa wachache, na wachache hao wanafunga.

Pili, tupatiwe kundi letu katika orodha ya leseni za mji, lenye masharti ya nyumba isiyozidi idadi fulani ya vyumba. Idadi hiyo ipangeni ninyi. Mwenye zaidi ya hapo aende kwenye gesti au hoteli, hatutamtetea. Kila nyumba ipewe namba, namba ibandikwe mlangoni na iandikwe kwenye tangazo la mtandaoni, ili mgeni na mkaguzi wote waione. Maombi ya leseni siku hizi yanapitia Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, hivyo kuongeza kundi hakuhitaji kujenga ofisi mpya.

Ukaguzi tunaomba uwe wa pamoja, mchana, kwa taarifa ya angalau siku mbili, ofisi zote zikitumia fomu moja yenye masharti ya afya, moto na usalama yaliyoandikwa. Usiku mje pale tu ambapo kuna mtu anayetafutwa kwa jina au kosa linalotendeka, mkiwa na hati au afisa anayejitambulisha, na mwenyeji aitwe kwanza awepo mlango unapofunguliwa.

Viwango vya mwaka vitangazwe kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, na visibadilike katikati. Wenye nyumba zilizofikiwa na maji ya ziwa wapewe njia ya kuomba kusamehewa kwa miezi ambayo nyumba haikulalika, na ombi lijibiwe kwa maandishi.

Kwa upande wetu tuko tayari kufanya yafuatayo bila kusubiri. Tutaanza kuandikisha nyumba zetu wenyewe, mtaa kwa mtaa, na kuwaletea orodha yenye idadi ya vyumba na vitanda. Tutawashawishi wenzetu waliojificha wajitokeze, mradi mtoe tamko la maandishi kwamba atakayejisajili ndani ya muda mtakaoupanga hatatozwa faini ya nyuma. Bila tamko hilo hatuwezi kumwambia mtu ajitokeze, maana tunajua yaliyotupata tuliotangulia. Tutachukua picha ya kitambulisho cha kila mgeni, raia na asiye raia, na kuituma siku hiyohiyo mtakapotupa pa kuituma.

Tunaomba kikao nanyi kabla ya bajeti ya halmashauri kupitishwa. Tutakuja na rekodi za usiku uliolaliwa za mwaka mzima kutoka kwa wenyeji walio tayari kuzionyesha, na tunaomba nanyi mje na makadirio mliyowapa wenyeji haohao, tuyaweke mezani pamoja. Madiwani wa kata zetu tumewapa nakala ya barua hii na wamesema watahudhuria wakialikwa. Siku na mahali pangeni ninyi, na majibu yaje kwa maandishi kupitia anwani iliyo kwenye nakala yenye muhuri ambayo tayari mnayo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenyeji wa nyumba za kupangisha kwa siku,
Mwanga, Kigoma,
kwa niaba ya wenyeji wa Mwanga, Gungu, Katubuka, Bangwe na Ujiji.